Kuvu Ukutani: Maji Yanatoka Wapi?

Madoa meusi yameanza kwenye kona ya chumba, nyuma ya kabati. Yakafutwa kwa dawa, ukuta ukang'aa, na wiki tatu baadaye yamerudi palepale, mapana kuliko mwanzo. Hapo ushauri huanza kumiminika: mmoja anasema tafuteni dawa kali zaidi, mwingine rangi maalumu, wa tatu anasema fungueni madirisha. Kila mmoja anaweza kuwa amesema kweli, na kila mmoja anaweza kuwa ameongeza tatizo, maana hakuna aliyeuliza maji yanayoilisha kuvu hiyo yanatoka wapi.

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine fangasi wa ukutani, haingoji kuletwa nyumbani na mtu. Spora zake, yaani vijimbegu visivyoonekana kwa macho, zimo hewani ndani na nje, na hakuna dawa ya kuzimaliza. Chakula chake kipo pia: vumbi, karatasi inayofunika jipsamu, mbao, gundi, ngozi ya viatu, hata utando wa sabuni kwenye vigae vya bafu. Joto la nchi zetu za joto linaifaa mwaka mzima. Kilichobaki ni maji tu. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Wala si lazima pawe na tone: ukuta ambao hewa inayougusa ina unyevu wa asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo unatosha, na baadhi ya aina za kuvu huridhika na pungufu ya hapo.

Hewa ya joto na mzigo wake wa maji

Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi iliyoshiba hubeba takriban gramu 17 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikifika nyuzi 30, uwezo huo hupanda hadi karibu gramu 30. Asilimia inayoonyeshwa na kipima unyevu ni sehemu ya uwezo huo ambayo tayari imejazwa. Ndiyo maana asilimia 80 ya siku ya joto ni maji mengi zaidi kuliko asilimia 80 ya siku ya baridi.

Sasa chukua hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake, hutema maji. Ndilo jasho la chupa ya maji baridi iliyowekwa mezani. Kiwango hicho, ambacho kwa hewa hii ni nyuzi 26 na hubadilika kulingana na joto na unyevu wa hewa, tukiite joto la umande, kwa sababu tutakirudia. Ukuta wa chumba chenye kiyoyozi, vigae vya sakafu ya chini, bomba la maji baridi, vyote vinaweza kuwa chupa ya namna hiyo bila mwenye nyumba kujua.

Hapa ndipo ushauri wa kufungua madirisha unapoleta mkanganyiko. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu unyevu wa nyumba imetoka nchi za baridi. Kule, hewa ya nje wakati wa baridi ina maji machache sana. Ikiingia ndani na kupashwa moto huwa kavu mno, na nyumba hukauka. Katika nchi ya joto mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa. Alfajiri ya msimu wa mvua, nje kukiwa na nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 95, kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 23 za maji. Ndani, kwenye nyuzi 29 na asilimia 70, kuna gramu 20. Anayefungua dirisha saa 11 alfajiri apate hewa safi anaongeza maji chumbani. Saa 8 mchana siku hiyohiyo, nje kuna nyuzi 32 na asilimia 55, na hewa ina gramu zisizofika 19. Joto ni kali, hewa inahisiwa nzito, lakini ndiyo inayokausha. Kwa nyumba inayotegemea hewa ya asili, saa za kukausha makabati, magodoro na vyumba visivyotumika ni kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, siku isiyo na mvua.

Kipima unyevu ni kifaa kidogo cha bei ya chini na kinafaa kuwapo kabla ya dawa yoyote. Vingi hutoka kiwandani vikikosea kwa asilimia 5 au zaidi, ila kukikagua ni kazi rahisi. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji machache iwe kama uji mzito, si maji ya chumvi. Ingiza kifuniko na kipima unyevu pamoja kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, ufunge, uache kwa saa 12 ndani ya nyumba pasipo jua. Hewa ya mfuko huo itatulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 69, basi kila usomaji wake uongezee 6. Kisha kiweke katikati ya chumba, mbali na dirisha na kiyoyozi, na kingine nyuma ya kabati linaloshukiwa. Tofauti kati ya viwili hivyo mara nyingi ndiyo jibu lenyewe.

Nyumba ya wazi na nyumba ya kufungwa

Zipo namna mbili za kuishi na unyevu wa joto, na zote mbili hufanya kazi. Ya kwanza ni nyumba ya wazi: madirisha yanayoelekeana, hewa inayopita, kuta zenye joto karibu sawa na la hewa. Nyumba hii haiwezi kuwa na unyevu pungufu ya ule wa nje, lakini uso wa ukuta unaopigwa na upepo hukauka haraka kuliko kuvu inavyoweza kuota. Adui wake ni hewa iliyosimama. Kabati lililobanwa ukutani, godoro lililolazwa sakafuni, chumba cha akiba kinachofunguliwa mara moja kwa mwezi, hapo ndipo kuvu huanzia. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya samani na ukuta, hasa ukuta wa nje. Inua kabati kwa miguu au vipande vya mbao hewa ipite chini. Toboa mgongo wa kabati juu na chini kama ni ubao mzima.

Ya pili ni nyumba ya kufungwa, yenye kiyoyozi. Hii inaweza kushusha unyevu chini ya asilimia 60, kiwango ambacho kuvu nyingi hushindwa kuota. Ila ni lazima ifungwe kweli: milango iwe na mpira chini, vioo vya dirisha vikae sawa, tundu la bomba la kiyoyozi lizibwe.

Nyumba inayoteseka zaidi ni ile ya kati. Kiyoyozi kimewashwa, dirisha la bafu liko wazi, mlango wa sebule unafunguliwa na kufungwa, na kipimo kimewekwa nyuzi 18 kwa imani kwamba baridi zaidi ni ukavu zaidi. Kinachotokea ni kwamba kuta, dari na samani zinapoa hadi chini ya joto la umande, na kila pumzi ya hewa ya nje inayoingia inaacha maji juu yake. Weka nyuzi 24 hadi 26. Chumba kitakuwa na starehe ileile mradi hewa ni kavu, na kuta hazitatoka jasho.

Ukubwa wa mashine nao una lawama zake. Watu hununua kubwa kuliko chumba wakidhani wamejihakikishia. Mashine kubwa hupoza chumba kwa dakika chache na kuzima kabla haijavuta maji ya kutosha. Maji yaliyobaki kwenye mapezi yake ya ndani, feni ikiendelea kuzunguka, hurudi hewani. Chumba kinakuwa cha baridi na chenye unyevu kwa pamoja, na shuka zinahisiwa kama zimenyunyiziwa maji. Kama mashine iko tayari na haiwezi kubadilishwa, weka feni kwenye hali ya kujiendesha yenyewe badala ya kuzunguka muda wote, na tumia hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji, siku za mvua zisizo na joto kali. Chujio lisafishwe kila baada ya wiki 2 hadi 4. Bomba la kutolea maji liwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, na lisiishie chini ya ukuta: linaweza kutoa lita kadhaa kwa usiku mmoja, na maji hayo yakimwagika kila siku kwenye msingi, yatarudi ndani kwa njia nyingine.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi. Kuvu inaota kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwenye ukuta wa ndani usio na bomba wala usiopigwa na mvua. Pita upande wa pili wa ukuta huo, na mara nyingi utakuta chumba cha kulala kinachopozwa hadi nyuzi 20 usiku kucha. Baridi imepenya tofali, na hewa ya joto ya chumba cha jirani inatema maji kwenye uso wake. Dawa ni kupandisha kipimo cha kiyoyozi na kusogeza kabati lililo upande wa joto. Ukuta wenyewe hauna kosa.

Maji tunayoyaingiza wenyewe

Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua huzalisha zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, mbali na mvuke unaotoka kwenye sufuria. Hilo halishangazi anayejua kemia yake, lakini jikoni hakuna anayelifikiria. Mzigo mmoja wa nguo zilizokamuliwa kwa mkono unaweza kubeba lita 2 au 3. Zikianikwa ndani ya chumba, lita hizo zote huingia hewani na kwenye kuta. Watu wanaolala, mimea ya ndani, matangi ya samaki, sakafu inayodekiwa kwa maji mengi jioni na kuachwa ikauke na madirisha yamefungwa, vyote vinaongeza.

Pika ukiwa na dirisha wazi au feni ya kutoa hewa. Bafuni, feni iendelee dakika 20 hadi 30 baada ya kuoga, na hewa yake iende nje kabisa. Feni inayosukuma mvuke kwenye nafasi iliyo juu ya dari imehamisha tatizo mahali ambapo hutaliona mpaka mbao zimeoza. Kufuta kuta za bafu kwa kifutio cha mpira huchukua dakika moja na huondoa maji mengi kuliko feni.

Kusoma doa

Umbo la doa na mahali lilipo husema mengi. Doa la kahawia la mviringo kwenye dari, lenye kingo zilizokolea, ni maji yanayotoka juu, ya mvua au ya bomba. Mstari wa unyevu unaoanzia sakafuni na kukoma kwenye kimo cha mita moja au pungufu, rangi ikichubuka na unga mweupe ukitokea, unaashiria maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa linalojitokeza siku moja au mbili baada ya mvua ya upepo, upande mmoja tu wa nyumba, ni mvua inayopenya ukuta. Vitone vyeusi vilivyotawanyika kwenye kona za juu, nyuma ya pazia na nyuma ya kabati, pasipo rangi kubanduka, mara nyingi ni unyevu wa hewa.

Unga mweupe si kuvu. Ni chumvi iliyobebwa na maji na kuachwa usoni yalipokauka. Ukiusugua kati ya vidole ni kama mchanga laini, na ukiudondoshea maji huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Kwa madoa meusi, dondosha tone la dawa ya klorini ya kufulia: likipauka ndani ya dakika chache, kuna uwezekano mkubwa ni kuvu, likibaki vilevile, huenda ni moshi au vumbi.

Penye utata kati ya hewa na ukuta, tumia nailoni. Kata kipande kinachopitisha mwanga, sentimita 50 kwa 50, ukausha uso wa ukuta kwa kitambaa, ukibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha mwanya. Subiri saa 48. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, hewa ndiyo inayoyatema. Jaribio hilohilo hutatua ugomvi wa sakafu zinazotoka jasho: baada ya siku kadhaa za ubaridi, ikiingia ghafla hewa ya joto yenye joto la umande la nyuzi 24, vigae vilivyolala juu ya ardhi vikiwa bado na nyuzi 22 hulowa chumba kizima. Mwenye nyumba anadhani maji yanapanda, anavunja sakafu, na chini anakuta pakavu.

Kwa mabomba, funga kila bomba jioni, andika tarakimu za mita ya maji pamoja na zile za desimali, na usitumie maji mpaka asubuhi. Zikisogea, kuna uvujaji baada ya mita. Kisha tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usubiri nusu saa bila kuvuta: rangi ikionekana bakulini, umempata mhalifu mmoja.

Kwa mvua inayopenya ukuta, mpira wa kumwagilia bustani unatosha kama una subira. Anza chini, karibu na msingi, mwagia sehemu ndogo kwa dakika 10 hadi 15 huku mtu mwingine akiangalia ndani, ndipo upande juu hatua kwa hatua: chini ya dirisha, pembeni mwa fremu, juu yake, hadi ukingo wa paa. Anayeanza juu hulowesha ukuta wote kwa mara moja na hatajua ni ufa upi ulioingiza.

Juu: paa, mabati na dari

Paa la mabati huvuja zaidi kwenye misumari kuliko kwenye bati lenyewe. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari huchomwa na jua, hukakamaa na kupasuka. Kupaka lami juu ya msumari uliolegea husaidia msimu mmoja. Kuutoa na kuweka skrubu yenye mpira mpya, nene kidogo kuliko tundu la zamani, ndiyo kazi inayodumu. Paa la zege huvuja kwenye maungio yake na ukuta mdogo wa pembeni, na mahali maji yanaposimama. Mvua ikikatika na dimbwi likabaki kwa zaidi ya siku mbili, tatizo ni mteremko, na kuongeza tabaka la kuzuia maji bila kurekebisha mteremko ni kutwanga maji kwenye kinu.

Lakini si kila tone linalodondoka darini ni uvujaji. Usiku usio na mawingu, mabati hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka. Hewa yenye unyevu chini yake hutema maji, matone hukusanyika kwenye mikunjo na kudondoka dari likalowa, na fundi anaitwa kuziba matundu yasiyokuwepo. Alama yake ni hii: dari linalowa alfajiri ya usiku mkavu wenye nyota, na wakati mwingine halilowi kabisa usiku wa mvua. Tiba ni kupitisha hewa juu ya dari kwa matundu yenye wavu kwenye kingo za paa na karibu na kilele, na kuweka karatasi ya kuakisi joto yenye povu chini ya mabati.

Chini: maji yanayopanda

Tofali, matofali ya saruji na mawe ya matumbawe yana vinyweleo, na maji hupanda ndani yake kama mafuta kwenye utambi. Kinachopaswa kuyazuia ni tabaka lisilopitisha maji linalowekwa juu ya msingi, ambalo mafundi huliita DPC. Mara nyingi tabaka lipo na ni zima, ila limerukwa. Udongo wa bustani umerundikwa hadi juu yake, baraza jipya limejengwa kwa kimo cha sakafu, au plasta ya nje imeshushwa hadi ardhini na kuwa daraja. Kwa hiyo kabla ya kutoboa chochote, chukua jembe. Shusha ardhi ya nje iwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo, ipe mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kutoka ukutani, na elekeza maji ya paa mbali. Kisha ngoja msimu mmoja. Nyumba nyingi hupona kwa kazi hiyo peke yake, na ni ajabu jinsi isivyopendekezwa na wanaouza dawa za kupaka.

Kama tabaka halikuwekwa kabisa, ipo krimu ya kuzuia maji inayopulizwa kwenye matundu ya milimita 12, yaliyotobolewa kila baada ya sentimita 12 katika mstari mmoja wa udongo wa kujengea ulio kati ya matofali, karibu kufika upande wa pili. Hufanya kazi vizuri kwenye ukuta wa matofali yaliyopangwa. Kwenye ukuta wa mawe yasiyo na umbo hakuna mstari wa kufuata, na matokeo huwa ya kubahatisha.

Plasta iliyoharibika ing'olewe hadi sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu, kwa sababu imejaa chumvi, na chumvi hunyonya maji hewani. Hapa pia pana fumbo la nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa: kuta zinalowa kila hewa inapokuwa nzito na kukauka inapokuwa nyepesi, bila uvujaji wowote. Chumvi iliyoko ndani ya mchanga ndiyo inayovuta. Ing'oe kwa brashi kavu kila inapojitokeza. Ukiiosha unaiyeyusha na kuirudisha ndani.

Kuhusu rangi na saruji ya kuzuia maji inayopakwa upande wa ndani: haizuii maji kuingia, inayazuia yasitoke. Yakikosa njia, hupanda juu zaidi au husukuma rangi mpaka ivimbe kama malengelenge. Kuta kuukuu za mawe na chokaa huumizwa zaidi na plasta ngumu ya saruji na rangi ya mafuta. Plasta ya chokaa na rangi inayopumua huliacha jasho la ukuta litoke.

Kusafisha

Chanzo kikishakatwa, kusafisha ni kazi ya nusu siku. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba mtu anaweza kulishughulikia mwenyewe. Likizidi sana, au likiwa ndani ya mabomba ya kiyoyozi, au likiwa limetokana na majitaka, itwe kampuni yenye vifaa. Mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu na watoto wasiwepo. Rangi ya kuvu haisemi ubaya wake. Kuvu nyeusi inayotisha watu, Stachybotrys, hutaka karatasi au mbao iliyolowa kwa muda mrefu. Weusi wa kawaida bafuni mara nyingi ni Cladosporium. Kulipia vipimo vya kutambua aina ni nadra kusaidia, kwa kuwa kazi ya kuiondoa ni ileile.

Vaa barakoa ya N95, glavu za mpira na miwani isiyo na matundu. Zima feni, funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, fungua dirisha la nje. Lowesha madoa kwanza kwa maji ya sabuni. Kusugua kuvu kavu ni kuirusha hewani kwa maelfu. Kwenye vigae, kioo, chuma na rangi ngumu, sabuni na brashi huondoa karibu zote. Ukitaka kuua iliyobaki, changanya mililita 60 za dawa ya klorini ya kufulia kwenye lita 1 ya maji, paka, acha uso ukiwa umelowa dakika 10 hadi 15, suuza, kausha. Usiichanganye na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayochoma mapafu. Anayependelea siki aitumie peke yake bila kuongeza maji, aiache saa moja, na asiitumie kwenye marumaru wala terazo kwa sababu inazila.

Klorini haifai kwenye mbao, plasta na jipsamu. Maji yake hunywewa ndani huku klorini ikiishia juu, hivyo uso unapauka na mizizi inapata kinywaji. Jipsamu iliyoota kuvu ikatwe hadi sentimita 30 kupita doa la mwisho linaloonekana na itupwe ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Godoro lililoota ndani halisafishiki. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinavumilia, na zianikwe juani mpaka mishono na mifuko ikauke. Viatu na mikoba ya ngozi ifutwe nje ya nyumba, ikaushwe kivulini penye upepo. Jua kali huipasua.

Kwa makabati, vikopo vya kloridi ya kalsiamu hunyonya maji kweli, kikopo kimoja kwa kabati linalofungwa vizuri. Maji yanayojaa chini ya kikopo huunguza ngozi na kula chuma, basi kiwe mbali na watoto na kisipinduke. Chumbani havifai kitu, haviwezi kukausha hewa ya chumba kizima. Hapo inahitajika mashine ya kukausha hewa, huku madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa hupunguza harufu zaidi kuliko unyevu.

Kurudisha rangi

Rangi ndiyo hatua ambayo watu hukimbilia, na ndiyo inayofanya kazi yote ionekane imeshindikana. Ukuta hukauka kwa wastani wa milimita 25 kwa mwezi kutoka kila upande unaopata hewa, na polepole zaidi msimu wa mvua. Ukuta wa sentimita 15 ulioloa hadi kiini, ukiwa wazi pande zote mbili, huhitaji kama miezi 3. Plasta mpya ya saruji nayo iachwe wiki 4 kabla ya rangi. Rangi ya kuzuia kuvu ina dawa inayopungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Inasaidia bafuni na jikoni, juu ya ukuta mkavu tu. Ikipakwa juu ya kuvu hai, kuvu hutokea upande wa pili ndani ya wiki chache.

Kabla ya kufungua kopo, bandika tena kile kipande cha nailoni mahali palipokuwa na doa baya zaidi. Matone yakionekana ndani baada ya saa 48, rudi kwenye chanzo au ongeza mwezi. Yakiwa hayapo, piga rangi, na kabati lirudi sentimita 10 mbele ya lilipokuwa.